SAFARI FUPI YA LIKASI: NAMNA YA KUIPANGA ILI WOTE WAENDE



Tangu darasa la mwisho lilipoomba safari ya siku mbili kabla ya Egzame ya Leta, maneno ni mengi katika kiwanja. Wengine wanataka Kolwezi, wengine Likasi, wengine wanacheka tu na kusema: «Mbona tusiende Bruxelles?» Mkubwa wa masomo ametukubalia safari, lakini ameweka masharti mawili. La kwanza, mpango uandikwe wote kabla ya kukusanya feza. La pili, asibaki mwanafunzi hata mmoja kwa sababu ya ukosefu wa feza. Kama sharti moja linashindikana, hakuna safari.

Sisi wa darasa la mwisho tulikaa pamoja tukafanya hesabu. Tunaiandika hapa kwa urefu, ili wale wa madarasa ya chini nao waitumie mwaka ujao. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka (Luka 14). Safari nayo ni mnara.

1. KUCHAGUA MJI

Tuanze na Bruxelles, juu ya wale wanaocheka. Kijana anayekaa Bruxelles anaweza kwenda Paris siku ya posho asubuhi, na kurudi siku ya Mungu jioni. Kati ya miji ile kuna karibu kilometa 300, na gari la moshi la mbio linazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Mpakani haombwi viza, kwa sababu Ubelgiji na Ufaransa ziko pamoja katika mapatano ya Schengen. Sisi tukitaka kwenda kule, viza inatangulia: tangu mwaka 2024 mtu mzima analipa euro 90, tena anaonyesha bima ya safari inayofika euro 30 000, na jibu linaweza kukawia siku 15 au kupita. Kisha inabaki bei ya ndege. Hiyo si safari ya mwisho wa juma, ni kazi ya miezi mingi. Lakini kuna kitu kimoja cha kujifunza kwa kijana yule: hahesabu kilometa, anahesabu saa.

Sasa tutazame kwetu. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300 vilevile. Lakini kilometa 300 zetu si kilometa 300 zao. Njiani kuna makamyo mengi ya shaba na kobalti, kuna peaje, kuna vizuizi, kuna pahali ambapo bisi inatembea polepole kama mtu mwenye mzigo. Tukienda Kolwezi, sehemu kubwa ya siku zetu mbili tutaimalizia kitini. Kipushi nayo iko karibu sana, kilometa 30 hivi. Ile tunaendaka asubuhi na kurudi jioni, hakuna haja ya kulala. Likasi iko katikati ya mambo hayo: karibu kilometa 120, juu ya njia ileile ya Kolwezi. Kwa siku mbili na usiku mmoja, ndiyo inatufaa.

Na wale wanaotamani jina la Kizungu wasihuzunike. Likasi iliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Union Minière. Mwaka uleule Élisabethville, iliyobeba jina la malkia wa Wabelgiji, iliitwa Lubumbashi. Tutatoka basi katika mji uliobadilisha jina na kuingia katika mji mwingine uliobadilisha jina.

2. KUHESABU SAA

Kwanza tupatane juu ya saa. Katika mpango huu saa zote ni kama saa ya mkono inavyoonyesha: saa 6 ni asubuhi, jua linapotoka, saa 18 ni jioni, jua linapotua. Tunasema hivi kwa sababu watu wengine wanahesabu saa ya Kiswahili, na mtu anaweza kufika kwenye bisi wakati wengine wanakula chakula cha mchana.

Watu wengi wanapanga safari toka mwanzo: «Tunaondoka asubuhi, kisha tutaona.» Sisi tumeanza mwisho. Sharti la usalama ni hili: bisi isikutwe na giza njiani. Makamyo mengine yanaharibikia katikati ya njia, na usiku shofere hayaoni mpaka amefika juu yao. Katika mwezi wa tano jua linatua mbele kidogo ya saa 18. Basi tunataka kuwa katika kiwanja cha masomo saa 17, siku ya Mungu.

Shofere anasema: «Likasi iko pale tu, saa mbili tunafika!» Anasema kweli, kama njia iko wazi, na kama hakuna mtoto anayetapika wala gurudumu linalopasuka. Sisi tumeandika saa tatu na nusu. Kuondoka Likasi saa 13, kufika saa 16 na nusu, na nusu saa inabaki ya akiba.

Kabla ya saa 13 lazima kula, yaani saa 12. Kabla ya kula ni ibada, inayoanza saa 9, na kila mmoja wetu anajua namna ibada inavyorefuka siku ya wageni, kwaya zote zikitaka kuimba. Unaona? Siku ya Mungu hakuna nafasi ya kutembelea pahali popote. Ni ibada, chakula na njia.

Inabaki siku ya posho. Kuondoka saa 6, baada ya maombi. Kufika saa 9 na nusu. Kusalimia wenyeji, kutoa mizigo, kuonyeshwa pahali pa kulala: mpaka saa 10 na nusu. Toka hapo mpaka saa 17 ni saa sita na nusu. Toa saa moja ya chakula cha mchana. Zinabaki saa tano na nusu.

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Tunaiita ya siku mbili, lakini saa za kutazama na kujifunza ni tano na nusu tu. Mtu asiyefanya hesabu hii mbele ataifanya kule, akiwa amechoka, na wenzake wakimlalamikia.

3. KUCHAGUA MAMBO MACHACHE

Tuliomba kila mtu aandike pahali anapotaka. Karatasi ilijaa. Tukaanza kukata.

Mwadingusha tumeikata. Ni pazuri: pale mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta, na mashine za umeme zilianza kazi mwaka 1930, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Lakini iko mbali na mji, upande wa mashariki, na ingekula saa zetu zote. Mulungwishi, misioni ya Wametodisti yenye masomo makubwa, tumeikata vilevile: iko mbele ya Likasi kwa njia ya Kolwezi. Hizi ni safari nyingine, kwa siku nyingine.

Shinkolobwe tumeikata kwa sababu tofauti, na hapa tunaomba kila mmoja asikilize. Uraniamu ilionekana pale mwaka 1915. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945 ilitoka katika udongo ule, karibu kilometa 20 toka Likasi. Ni historia ya kujua, na tutaisoma katika darasa kabla ya kuondoka. Lakini mgodi ule ulifungwa kwa amri ya Leta mwaka 2004, na kuingia kumekatazwa. Uraniamu inatoa mionzi ambayo jicho halioni na pua hainusi. Tena: mtu asiokote jiwe lolote njiani au kwa wachuuzi kwa sababu liko na rangi nzuri, wala asilitie katika mfuko kumpelekea mdogo wake. Katika sehemu hizi mawe mengine ya shaba na kobalti yanachanganyika na uraniamu, na hatuna chombo cha kupima.

Baada ya kukata, yamebaki mambo matatu.

La kwanza ni Shituru, saa mbili. Huko Union Minière ilianza kutoa shaba kwa njia ya elektrolize mwaka 1929. Toka mwaka 1967 mali hiyo iliingia mikononi mwa Leta, ikawa kampuni tunayoijua kwa jina la Gécamines. Wale wa kemia wataona kitabu chao kikiwa hai. Jiwe linasagwa, linatiwa katika asidi ya sulfuriki, shaba inayeyuka na maji yanakuwa ya buluu. Kisha umeme unapitishwa katika maji yale, na shaba inaenda kushikamana na bamba la upande wa katodi, kidogo kidogo, mpaka inakuwa bamba zito jekundu. Ndiyo sababu shaba yetu na mabwawa ya umeme ni ndugu: umeme ukikosa, shaba inabaki ndani ya maji. Lakini kiwanda si soko. Barua ya kuomba ruhusa inaondoka majuma sita mbele, na hesabu ya watu na jina la mwalimu anayewaongoza. Kama jibu ni hapana, tutasimama nje na mwalimu wa kemia ataeleza kwa ubao. Hatutabishana na walinzi, wala kupiga picha bila kuruhusiwa.

La pili ni kutembea kwa miguu katika mji, saa moja na nusu, na mwalimu wa historia. Mwezi wa tisa 1961, wakati Katanga ilikuwa imejitenga, askari wa Irlandi zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa hapa Jadotville na jeshi la Katanga. Walipigana toka tarehe 13 mpaka tarehe 17, maji na risasi vikawaishia. Wenzao waliotoka Élisabethville kuwasaidia walizuiwa kwenye daraja la Lufira, njiani kwetu. Mwishoni walijitoa, wakafungwa, kisha wakaachiliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa katika vita ile. Tukivuka Lufira asubuhi, mwalimu atasema neno hili ndani ya bisi, ili tukifika mjini tuelewe tunachotazama.

La tatu ni mazungumzo, saa moja, na wanafunzi wa masomo mengine na wazee waliofanya kazi katika viwanda. Kila mmoja alete swali moja lililoandikwa. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 asiulizwe tu «Papa, kazi ilikuwa namna gani?» Aulizwe: alianza akiwa na miaka mingapi, alilipwa posho ya nini, watoto wake walisoma wapi.

Mbili, na moja na nusu, na moja: ni saa nne na nusu. Saa moja inabaki tupu. Watu wametuuliza tuitie nini. Tusiitie kitu. Ni ya mvua, ya kuchelewa, ya mtu anayeumwa kichwa. Mpango usio na saa tupu unavunjika kwa jambo la kwanza.

4. FEZA

Hapa ndipo sharti la pili la Mkubwa linatubana, na hapa ndipo maneno makali yalisemwa. Wengine walisema: «Anayeweza kulipa aende, asiyeweza abaki, si kosa letu.» Tuwajibu kwa hesabu kwanza, mambo ya moyo baadaye.

Gharama ziko za namna mbili. Namba moja, zile zisizobadilika: bisi, mafuta, shofere, peaje. Bisi ikiwa na watu 20 au 30, bei ni ileile. Namba mbili, zile zinazofuata mtu: chakula. Tutumie mfano, hizi si bei za kweli, bei za kweli tutazileta tukizipata kwa maandishi. Tuseme bisi na mambo yake ni franka 600 000, na chakula ni franka 10 000 kwa mtu.

Wakienda 30, kila mmoja analipa 20 000 ya bisi na 10 000 ya chakula: 30 000.
Wakienda 20, kila mmoja analipa 30 000 ya bisi na 10 000 ya chakula: 40 000.

Sasa tuseme katika 30, kuna 10 wanaoweza kulipa nusu tu, yaani 15 000. Wanaleta 150 000. Safari ya watu 30 inaomba 900 000. Zinabaki 750 000 kwa wale 20: kila mmoja 37 500. Soma tena. Ukimwacha mwenzako nyumbani unalipa 40 000. Ukimchukua, ukajaza nusu yake, unalipa 37 500. Yule uliyemwita mzigo ndiye anayekupunguzia mzigo, kwa sababu naye anabeba sehemu ya bisi.

Lakini hatutaki wazazi wa wale 20 waombwe hata hiyo 7 500 ya juu. Katika mfano wetu pengo ni franka 150 000, na tuna majuma kumi. Ni 15 000 kwa juma, kwa darasa zima. Darasa la watu 30 haliwezi kupata hiyo? Kuosha motokari siku ya posho, kuuza karanga na mandazi wakati wa michezo, kulima kiwanja cha jirani. Wote wafanye kazi, aliyelipa yote na aliyelipa nusu, ili mtu asionekane kama aliyebebwa.

Majina ya wanaolipa nusu yajulikane na watu wawili tu: mwalimu na mtunza sanduku. Hayatasomwa mbele ya darasa wala kubandikwa ukutani. Tunajua mwanafunzi anayeweza kusema «mimi sipendi safari» wakati anaipenda sana. Anaogopa tu kusomwa.

Sanduku litakuwa na funguo mbili kwa watu wawili. Kila feza inayoingia inaandikwa, mtu anapewa karatasi. Hii si likelemba: hakuna zamu ya kuchukua, hakuna kukopesha hata kwa siku moja. Safari ikikatazwa, kila mtu anarudishiwa kipimo alicholeta.

5. KAZI ZA KILA MTU

Kuhesabu watu: kapita wa darasa, kila mara bisi inapotaka kuondoka. Ahesabu vichwa, asiulize «tuko wote?», kwa sababu asiyekuwapo hawezi kujibu.

Karatasi: orodha ya majina yenye muhuri, barua ya kila mzazi, kadi za wanafunzi. Zote katika mfuko mmoja, mkononi mwa mwalimu.

Chakula: siku ya posho mchana kila mtu anakula alichofungiwa na mama nyumbani. Baada ya hapo sufuria ni moja. Wanafunzi 30 na walimu wawili, chakula cha jioni, cha asubuhi, na cha mchana siku ya Mungu: ni sahani 96. Unga wa bukari, kapenta, sombe, chumvi, mafuta na makala vinunuliwe hapa, bei tunazijua. Chakula cha walimu kinatoka kwa masomo, si katika sanduku letu.

Kulala: wenyeji wa kanisa watatuandikia kama wanaweza kutupokea. Wasichana na mwalimu mwanamke upande wao, wavulana na mwalimu mwanaume upande wao. Kila mtu alete mkeka na blanketi. Usiku wa mwezi wa tano huku kwetu baridi imeanza.

Afya: anayetumia dawa ya pumu au nyingine amwambie mwalimu kabla ya kuondoka. Si haya.

6. MWISHO

Wengine watasema tumefanya hesabu nyingi kwa safari ndogo. Tunaona kinyume chake. Mtu anayekaa mwezi katika mji anaweza kupoteza siku nzima bila hasara. Sisi tunaenda kwa saa tano na nusu. Tukipoteza mbili kutafuta ufunguo au kubishana juu ya feza, tumepoteza zaidi ya theluthi moja ya safari.

Kinachobaki sasa: barua ya Shituru na barua ya kanisa ziandikwe juma hili, na bei za bisi ziombwe kwa watu watatu, kwa maandishi. Karatasi ya majina iko kwa kapita wa darasa. Andika jina lako hata kama bado hujui feza zitatoka wapi. Jambo hilo utalizungumza na mwalimu, wawili tu. Mwenye kuona kosa katika hesabu zetu alete masahihisho mbele ya siku ya kazi tano, tutayachapa katika gazeti linalofuata.

Kapita wa wanafunzi,
kwa niaba ya darasa la mwisho